Kombe Kuu na Jicho Lililobaki

Tarehe 14 Januari

Kwa mpwa wangu,

Ni mimi mjomba wako, mwenye miaka sabini na saba, niliyewazika wenyeviti watano wa klabu, mke mmoja mwema, mbwa wawili wa mlinzi wa lango, na kila kedi, mbeba mikoba ya wacheza gofu, niliyeanza naye kazi. Hata ule mti mkubwa wa shimo la nne, tulioambiwa utatuzika sote, ulianguka mwaka juzi mimi nikiutazama. Kwa hiyo ukisikia mtu huko anasema mjomba wako amechoka, mwulize yeye ana umri gani, na amemzika nani.

Habari za huko. Huku sisi wazima. Sisi ni mimi na Fundi Viatu wa chumba cha pili, ambaye anakohoa ukutani mpaka nadhani anabisha hodi. Bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda nimeliziba mwenyewe, nilipanda mwenyewe na kushuka mwenyewe. Mwanao ameshaota meno? Mama yako mwambie magoti ni ya kutembelea, si ya kukalia. Na mstari huu asome kwa macho yake, asikungoje wewe. Anaujua mwandiko wangu, mimi ndiye niliyemfundisha herufi, zile chache nilizokuwa nazo.

Sasa nije kwenye jambo. Dereva wa lori la saruji amenifikishia maneno yako. Unasema nije huko hospitali unakopiga pasi mashuka, nilazwe, nipasuliwe jicho mwezi wa sita. Nimecheka mpaka Fundi Viatu akauliza kuna nini. Mwezi wa sita ni mwezi wa Kombe Kuu. Tangu nikiwa kijana sijakosa Kombe Kuu hata moja, na mimi si kedi wa kuokota okota, mimi ndiye Tai. Mchezaji wa gofu anapiga mpira, sawa, lakini mpira ukishapotelea mbinguni ni nani anayejua umeangukia wapi? Ni Tai. Jina hilo sikujipa.

Jicho la kushoto limestaafu, sikatai. La kulia liko kazini. Na usinipigie ile simu, nimeizima. Kwenye simu unalia, nami sijui nifanye nini na mtu anayelia ndani ya kidude kidogo. Andika. Karatasi hailii.

Mjomba wako


Tarehe 5 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mwanangu ana meno manne na anatuma yote kazini, amening'ata bega leo asubuhi. Mama anakusalimu sana. Barua yako nimemsomea mara mbili, akacheka pale kwenye mbwa. Anasema bati hukupanda wewe, ulimtuma mtu.

Mjomba, nakuomba usinijibu kwa majigambo. Nisikilize. Ugonjwa wako unaitwa presha ya macho. Hauumi, ndiyo maana unaudharau. Unakula jicho kuanzia pembeni kuja katikati, kama mtu anayekufungia mlango taratibu ukidhani ni upepo. Nilimwomba daktari wa hapa azitazame zile karatasi za vipimo vyako vya mwaka jana. Alizipitia zote, halafu akasema hivi: kilichokufa hakifufuki, lakini kilichobaki kinaweza kushikwa. Kisiposhikwa mwaka huu, hakitafika mwaka ujao.

Yuko daktari mgeni anayejua kazi hiyo. Anakuja kwetu mara moja kwa mwaka, anakaa wiki moja, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mwaka huu anaanza tarehe 8 Juni. Najua ni wiki ya Kombe lako. Si mimi niliyepanga.

Nifahamishe basi, maana hapa chumba cha kufulia wananiuliza nami nakosa la kusema. Kuna nini kwenye hilo Kombe? Watu wazima wanafuata kimpira kama yai la njiwa, wanakitia shimoni, wanakitoa, wanaenda kukitia shimo jingine. Hicho ndicho cha kupofukia?

Mpwa wako


Tarehe 23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kalamu ilikuwa mbaya, nikanunua nyingine nayo ni mbaya vile vile. Wino wa siku hizi umepauka. Fundi Viatu amepata kazi ya viatu vya kwaya nzima, kwa hiyo ukuta una kelele za nyundo badala ya kikohozi. Mwambie mama yako bati nilipanda mwenyewe na shahidi ninaye.

Umeniuliza kuna nini. Nitakuambia, nawe wasomee hao wenzako wa pasi.

Kwanza ni watu. Wanakuja wale wale, wakifa wanakuja watoto wao. Kuna mwanamke alikuja mara ya kwanza ana mimba, akakaa kwenye kiti cha kukunja karibu na shimo la mwisho. Mwaka jana alikuwa pale pale, kiti chenye magurudumu, na anayemsukuma ni yule aliyekuwa tumboni. Serikali zimeondoka, zimekuja nyingine, mwaka mmoja umeme ulikatika mji mzima wakajumlisha hesabu kwa mishumaa, mwaka mwingine mvua ilijaza mashimo tukayakausha kwa mashati yetu. Kombe halikukosekana. Mtu akitaka kujua alioa lini anahesabu kwa Kombe. Mimi mke wangu nilimzika wiki mbili kabla ya Kombe, na ile siku ya kwanza nikiwa na mkoba begani ndipo nilipopumua.

Pili ni nyasi. Wiki ile zinakatwa mpaka mtu unaona haya kukanyaga na viatu.

Tatu ni kimya. Hili hutalielewa mpaka uje. Umati mzima umejipanga nyuma ya kamba, wenye magari na wauza maji ya kunywa, na mchezaji amesimama kwenye grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Wote wanashika pumzi kwa ajili ya kitu kidogo kuliko ndimu. Hakuna aliyewatisha. Taja mahali pengine ambapo watu wengi namna hiyo wananyamaza kwa hiari yao. Na katikati ya kimya kile, mchezaji, bwana mkubwa mwenye nyumba ya ghorofa, hamtazami mkewe wala hatazami juu mbinguni. Anageuka ananitazama mimi. Anasema, "Tai, mpira utapinda wapi?" Nami nasema, "Kushoto, upana wa kikombe." Anapiga kushoto, upana wa kikombe. Mimi huyu, ambaye mwenye nyumba wangu ananipita mlangoni kama anapita ndoo.

Ndicho kilichopo. Jicho liko vizuri. Bwana Saa, msimamizi wetu makedi, ametangaza wazee tutapimwa kabla ya kupewa mikoba. Na apime.

Mjomba wako Tai


Tarehe 12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Mtoto amejifunza kusema hapana, nadhani amerithi kwa upande wako. Mama magoti yamepoa kidogo, anakaa sana mlangoni kwenye jua.

Barua yako nilihangaika nayo kutwa nzima. Wino si mbaya, Mjomba. Mistari yako imepandana. Habari za mke wako umeziandika juu ya habari za nyasi, na chini ya ukurasa umeendelea kuandika mezani, kwa sababu maneno yanakatika nusu na karatasi imekwisha. Niliirudisha bahashani ili nisilie mbele ya wenzangu, halafu nikalia mbele yao hivyo hivyo.

Nimekuombea kitanda. Muuguzi mkuu aliniuliza, "Huyo mjomba yupo kweli, au unatafuta pa kulala wewe?" Nikamwambia yupo, ila kichwa chake ndicho kinachohitaji kupasuliwa kwanza. Akacheka, akaandika. Ukishapasuliwa hutakiwi kuinama wala kubeba kitu kizito majuma kadhaa, kwa hiyo usianze kupanga upasuliwe Jumatatu na Alhamisi ubebe mkoba. Nakujua.

Mama amesema nikuandikie hivi kama alivyosema: "Mwambie Tai akija nitampikia. Asipokuja nitamlaani, halafu nitampikia."

Lile la watu kunyamaza nimewasomea wenzangu. Walinyamaza kweli. Halafu yule mkubwa wetu akasema, "Basi atakwenda kunyamaza nao gizani?" Mjomba, nakupigia magoti. Kombe litakuwepo mwakani. Jicho halitakuwepo.

Mpwa wako


Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na mtoto mwambie hapana ni neno la wanaume. Safari hii nimetumia rula, naweka rula naandika juu yake, kwa hiyo usinisomee hotuba ya mistari. Fundi Viatu anakusalimu, amenishonea soli mpya za Kombe.

Furahi pamoja nami. Nimepita. Tulipangwa juu ya kilima cha shimo la kwanza, wazee wote. Bwana Saa anapiga mpira kwenye majani marefu, unakwenda kuuleta. Huo ndio mtihani wetu tangu enzi, hakuna kuulizwa herufi ukutani. Wa kabla yangu alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Zamu yangu ilipofika niliinamisha kichwa nikasikiliza. Mpira ukiangukia nyasi fupi unagonga, ukiangukia majani marefu unakaa kama mtu anayekalia godoro. Nikaenda moja kwa moja, nikaukuta kwa kiatu. Bwana Saa akasema, "Tai, wewe huwezi kuzeeka?" Nikamwambia, "Nikipata nafasi nitajaribu." Wakavunjika mbavu.

Na nimepewa mkoba wa Dentisti. Unamjua, yule mng'oa meno aliyelikosa Kombe mara nyingi kwa kidogo, watu wanamwonea huruma mpaka wanapofunguliwa midomo kwenye kiti chake. Mwaka huu anapiga kama hana akili. Hili ni letu.

Nikuambie siri, maana umenibana, na ujue Tai hakosi njia. Kila mchezaji hutia alama kwenye mpira wake. Dentisti hutia nukta mbili nyekundu. Nami tangu mwaka juzi, kwenye mpira wa yeyote ninayembebea, naongeza mkwaruzo mdogo wa msumari. Nikiufikia mpira nainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, napitisha kidole gumba, najua ni wetu au si wetu. Kwenye Kombe kuugusa hairuhusiwi, mpaka uwatangazie wenzako kwamba huna hakika nao. Mimi sitangazi. Tangu lini Tai akawa hana hakika?

Lakini mpwa wangu, rula imefika mwisho wa karatasi na nimebaki na jambo moja. Mwombe huyo daktari mgeni aningoje. Kombe linaisha Jumapili. Nitapanda lori Jumapili ile ile na soli zangu za matope, Jumatatu niko kitandani kwake, akate anachotaka kukata. Mwambie ni mzee wa watu, mwambie ni siku mbili mbele tu. Sijawahi kukuomba kitu. Ukinitoa kwenye Kombe hili utanishika jicho, ndiyo, lakini utakuwa umemshikia nani?

Mjomba wako


Tarehe 2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zipo lakini leo nazikata.

Nilimwandikia daktari mgeni kupitia muuguzi mkuu. Hawezi. Jumamosi jioni anaondoka, ana hospitali nyingine inamngoja. Wagonjwa wake wamepangwa kila siku, na wewe ni wa Jumatatu asubuhi. Dereva wa lori amekubali kukungoja mbele ya lango la klabu Jumapili tarehe 7. Utakaa mbele, si nyuma kwenye saruji.

Kuna jambo nilikatazwa kukuambia. Nalisema sasa, Mama anisamehe.

Mama haoni, Mjomba. Tangu mwezi wa tisa mwaka jana. Macho yote mawili. Ni ugonjwa huu huu wako, daktari anasema unatembea ndani ya familia. Naye alikuwa anasema jicho liko vizuri, anasema taa za siku hizi ni hafifu. Mimi napiga pasi mashuka ya watu wa macho kila siku, na mama yangu akapofuka nyumbani kwangu nisijue mpaka alipomwaga uji pembeni ya bakuli. Kwenda chooni anapapasa ukuta. Mtoto akilia anamwita badala ya kumfuata. Barua zako nazisoma mimi kwa sababu yeye hawezi. Ule mstari uliomwandikia asome kwa macho yake, nilimsomea, akageuka ukutani.

Alinikataza kwa sababu alijua utakuja kwa huruma, na hataki huruma ya Tai. Mimi sijali utakuja kwa nini. Njoo kwa huruma, njoo kwa hasira, njoo kunitukana. Ila njoo Jumapili.

Mpwa wako


Tarehe 18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Dereva alikuja, nilimwambia aende. Kombe tumelikosa. Kulikuwa na upepo mbaya. Mimi mzima. Mama yako mpe pole, mwambie nimesikia.

Mjomba


Tarehe 6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Mtoto mzima. Mimi sijui.

Hakukuwa na upepo. Tuna redio chumba cha kufulia, na Jumamosi ile niliomba waache muziki, tukasikiliza Kombe lako, mimi na wapiga pasi wote. Mtangazaji alisema hewa ni tulivu, bendera zimelala. Alisema Dentisti anaongoza. Halafu akasema Dentisti amepigwa adhabu kwa kupiga mpira usio wake, na kwamba kedi wake mzee ndiye aliyemwambia ni wake. Wenzangu wakanitazama. Yule mkubwa akachukua pasi mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa naunguza shuka.

Kitanda chako alilazwa mama mmoja muuza nyanya. Jana alirudi kupimwa, akanisomea bango la ukutani, mstari kwa mstari, kwa kunionyesha tu.

Kuna jambo linaninyima usingizi, na ni wewe tu wa kuliondoa. Nilikuambia habari ya Mama ili uje. Ninawaza kama ndiyo iliyokuzuia. Mama naye anawaza, najua, maana ameacha kuniuliza habari zako. Niambie hapana, Mjomba. Hata kama ni uongo.

Na unijibu hili bila mbwembwe: ukinyoosha mkono mbele yako, unaviona vidole?

Mpwa wako


Tarehe 21 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, ni wa Fundi Viatu. Maneno ni yangu, na ameapa hataongeza wala kupunguza. Amekaa kwenye ndoo, mimi kitandani. Anasema niseme polepole, yeye ni fundi wa viatu si karani. Hayo nayo ameyaandika, kwa hiyo unaona anatimiza kiapo.

Umetaka nikuambie hapana. Sitakuambia. Barua yako ya tarehe 2 niliisoma mwenyewe mlangoni, neno moja moja, kama mtu anayeokota mchele. Nilipofika kwa mama yako nilikaa chini. Yule mtoto aliyekuwa ananifuata kila niendapo, mpaka nikamfundisha herufi ili akae kimya. Nilikaa pale mpaka jua likanihama. Halafu nikawaza: ikiwa giza limemchukua yeye, tena anayesikia la kuambiwa, basi mimi limenikaribia sana. Daktari anasema atashika kilichobaki. Akikosea je? Hata asipokosea, ningelala huko nimefungwa bandeji wiki ambayo Kombe la mwisho ninaloweza kuliona linapita. Nikasema nitaliona. Hivyo ndivyo nilivyosema, na kwa sauti. Wewe ulivuta kamba ili unitoe shimoni, mimi nikaishika kamba hiyo hiyo nikateremkia. Kosa si lako. Lakini ndiyo, ni hilo lililonizuia. Ulitaka uongo, na mimi uongo ninao mwingi, ila huu umenikwama.

Dereva alipiga honi mpaka mlinzi akamfokea.

Siku mbili za kwanza tulikuwa juu. Jumamosi watu walikuja kama nzige. Dentisti akapiga mpira mmoja ukaenda kulia kwenye majani marefu. Nikausikia umekaa. Nikaenda, nikaukuta kwa kiatu, sawasawa kama siku zote. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Mwamuzi akawa amesimama hapo, viatu vyake karibu na mkono wangu, akasema, "Mzee, usiuguse." Nikasema sikuwa na nia hiyo.

Dentisti akafika. Ulionekana mgongo wa mpira tu, mwingine wote umezama majanini. Akauliza, "Tai, ni wetu?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno jepesi. Wangeuinua mbele ya watu, wakautazama, wakaurudisha, hakuna adhabu, sheria ipo kwa ajili hiyo. Nilitazama. Niliona cheupe ndani ya ukungu. Nukta sikuziona, nyekundu wala nyeusi. Na watu wamenyamaza, unajua kile kimya nilichokueleza, na wote wanangoja Tai aseme.

Nikasema, "Ni wetu."

Hakutazama mara ya pili. Alipiga vizuri ajabu, watu wakapiga kelele. Tulipofika kwenye grini akauokota kuufuta, akaugeuza, akaugeuza tena. Hakufoka. Ningependa angefoka. Akasema, "Tai," basi, jina tu. Halafu akasema, "Turudi." Tukarudi njia yote ile, watu kandokando, wakitutazama kwa kimya, lakini hiki kilikuwa kimya kingine, sijawahi kukutana nacho. Wetu ulikuwa umelala hatua chache kutoka pale, kwenye majani yale yale. Mwamuzi ndiye aliyeuona.

Tulipomaliza, Bwana Saa alinivua mkanda wa mkoba begani kama unavyomvua mtoto shati. Akasema, "Mzee, kesho pumzika." Jumapili mkoba ulibebwa na mwingine. Dentisti alilikosa Kombe kwa kile tulichopoteza majanini, si kwa zaidi.

Mimi Jumapili nilikwenda. Fundi Viatu hapa anatikisa kichwa, lakini nilikwenda, na yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka kwenye kamba ya shimo la mwisho. Nilisimama na watu, upande wa kamba ambao sijawahi kusimama. Jua lilikuwa kali na mimi naona weupe kama wa maziwa tu. Nikamwuliza muuza maji aliyekuwa karibu yangu, "Nani anapiga?" Akaniambia. "Yuko mbali?" Akaniambia. Halafu wakanyamaza. Mpwa wangu, walinyamaza wote, na mimi ndani yao, nikawa nimeshika pumzi sawa na yule mwanamke wa kiti cha magurudumu. Nikasikia fimbo imegusa mpira. Nikausikia unakuja juu ya nyasi, haukuwa na haraka. Nikausikia unadondoka ndani ya kikombe cha shimo, na kabla mtu hajapiga kofi nikasema, "Umeingia." Muuza maji akasema, "Babu, wewe una macho." Sikumsahihisha.

Aliyeingiza hakuwa Dentisti. Nilitaka ujue kwamba hata hivyo nilifurahi. Nilisimama pale nimepoteza kila kitu na nikafurahi, na bado sijui kwa nini. Uliniuliza kuna nini kwenye Kombe. Lile jibu langu la mwezi wa tatu lifute, niliandika mambo ya kutazamwa. Hili ndilo jibu, na silielewi.

Sasa vidole. Hapana. Sivioni. Naona dirisha kama dirisha lina jua. Wiki iliyopita nililiona upande mmoja, nikageuza kichwa, halipo. Naamka sijui kama kumekucha, namwuliza huyu kwa kugonga ukuta. Kombe la mwisho nililitaka nilione, sikuliona, na jicho nalo limekwenda. Nimejinyima yote mawili kwa mkono wangu. Naogopa, mpwa wangu. Sijawahi kulisema neno hili kwa mtu. Fundi, andika hivyo hivyo. Naogopa hata kwenda kisimani.

Njoo unichukue. Usimtume dereva, ana haki ya kuninunia. Njoo mwenyewe, na ukifika useme jina lako kabla hujanigusa. Nitakaa na mama yako, tutapapasa ukuta mmoja, tugombane nani apishe. Ila mwezi wa sita mtatuleta wote wawili, mtuweke kambani shimo la mwisho. Yeye hajawahi kuusikia ule mpira, na mimi nitamwambia unakotokea. Hilo siombi, naliagiza.

Na kama kuna neno hapa utalitilia shaka, la majanini mwulize Dentisti, hatakudanganya, wala hatanisema vibaya, nimesikia hajanisema vibaya kwa mtu. La mtihani wa kilimani mwulize Bwana Saa. La Jumapili mtafute muuza maji wa shimo la mwisho, mwanamke mwenye sauti ya mafua, atakuambia nilisema kabla ya makofi. La bati, Fundi Viatu anasema niache, lakini nilipanda mwenyewe na yeye alishika ngazi. La giza sina shahidi niliyekuwa naye. Mwulize mama yako.

Mjomba wako